Kamba Iliyoishia Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Brashi alikuwa na kazi mbili. Kwanza alishuka na baba yake hadi kwenye boti kukumba maji yaliyovuja usiku, yeye kwa kopo, baba kwa ndoo. Kisha alirudi nyumbani kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa vilivyozagaa chini ya cherehani ya mama yake. Akimaliza huosha miguu, huvaa sare, hunywa chai yake upesi upesi na kushika njia ya shule huku mkoba ukimgonga mgongoni.

Jina la Brashi msichana huyu hakupewa na wazazi wake. Alilipata darasa la tatu, pale alipochora jogoo kwenye mlango wa stoo ya shule, na kuku wa jirani wakaja kumwangalia. Ndivyo wenzake walivyosimulia. Mwenyewe alijua kwamba kuku wale walifuata punje za mahindi zilizomwagika, lakini hakuwahi kuwasahihisha.

Baba yake alikuwa nahodha wa boti ndogo ya injini. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu kutazama samaki kwenye mwamba wa matumbawe, pale mbele ya mji ambapo mawimbi huvunjika na kuacha mstari mweupe. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu zamani, lakini siku hizi hata hayo machache yalikuwa yameadimika. Chakula alikiacha nusu. Mama alipomuuliza kama anaumwa, alijibu, "Mwili umechoka tu," akatoka kwenda kuangalia boti ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Darasani, Brashi aliketi dawati moja na Chiriku. Huyu naye na jina lake walikuwa chanda na pete. Alianza kuongea akiwa bado nje ya mlango, na kaka zake waliapa kwamba hata usingizini hanyamazi, hupunguza sauti tu. Mama yake alikuwa mtafuta pweza. Maji yakipwa aliingia kwa miguu hadi kwenye mwamba, mkononi ameshika chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, akichungulia tundu moja baada ya jingine. Mji mzima ulimwita Mama Pweza, naye aliitika.

Muhula huo mwalimu wa sanaa aliamua kuutumia ukuta wa nyuma wa darasa, ambao rangi yake ilikuwa imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

"Tutauchora mwamba wetu," alisema. "Sitaki wa kwenye vitabu. Nataka huu wetu, kama ulivyo."

Lakini kabla ya kugusa rangi aliwaletea udongo wa mfinyanzi, akampa kila mtoto donge lisilozidi ndimu.

"Tumbawe ni nini?" aliuliza.

"Jiwe," alisema mmoja.

"Mti wa baharini," alisema mwingine.

"Ni mnyama," alisema mwalimu. "Tena wengi walioshikana. Haya, finyangeni kikombe kidogo kinachoenea ncha ya kidole. Ukingoni kiwekeeni vidole vyembamba, ndivyo anavyokamatia chakula. Katikati ndipo mdomo."

Walifinyanga, wakachekana, wakafinyanga tena. Mwalimu alivikusanya vikombe vyote akavipanga juu ya ubao, kimoja ubavuni mwa kingine na vingine juu yake, mpaka vikawa kichuguu. Aliwaeleza kwamba kila kinyama hujijengea nyumba ya chokaa. Kikifa, nyumba hubaki, na kingine hujenga juu yake. Ndivyo mwamba mzima ulivyoinuka kutoka chini, kidogo kidogo, kwa miaka ambayo hakuna aliyekuwepo kuihesabu. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto au yakichafuka, mimea hiyo hutoka, na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa.

"Sasa sisi hayo yanatuhusu nini, mwalimu?" aliuliza mvulana wa dawati la nyuma. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kujua tu.

"Samaki unayemla amezaliwa wapi? Amejificha wapi alipokuwa mdogo kama kucha yako?" Mwalimu alinyoosha mkono dirishani. "Na lile wimbi linavunjikia pale. Mwamba ukiondoka, litakuja kuvunjikia mlangoni kwenu."

Wiki hiyohiyo ikaja habari mbaya. Kamati ya ufukwe, iliyokuwa na kazi ya kuulinda mwamba, ilitangaza kwamba Meza imevunjwa. Meza lilikuwa tumbawe moja bapa, pana kuliko kitanda cha watu wawili, lililokuwepo tangu mwalimu wa sanaa akiwa mtoto. Wageni wote walipelekwa kuliona. Sheria ilikuwa wazi: boti isitupe nanga juu ya mwamba, bali ifungwe kwenye maboya yaliyowekwa, na wenye kuingia kwa miguu wasiguse tumbawe lililo hai.

Kwa kuwa kila jambo sharti liwe na mwenyewe, watu walianza kutafuta wa kumbebesha. Mtu fulani akakumbuka kwamba siku zile Mama Pweza alionekana upande ule na chuma chake. Kumbukumbu ikapita kinywa hata kinywa, na ilipofika kwa mwenyekiti wa kamati ilikuwa imeshakuwa ushahidi.

"Mimi natafuta pweza kwenye matundu," Mama Pweza aliwaambia walipomwita. "Tangu lini pweza akakaa juu ya meza?"

Wengine walicheka, lakini hawakumwamini. Alikatazwa kuukanyaga mwamba mpaka itakapoamuliwa vingine. Chuma chake kiliegeshwa nyuma ya mlango, na nyumba yake ikaanza kulishwa na mihogo ya dada yake.

Chiriku akanyamaza. Aliingia darasani, akaketi, akatoa daftari, akatoka. Wakati wa mapumziko wenzake walimwita "Mvunja Meza," naye hakuwajibu. Brashi, aliyezoea kelele ile ya ubavuni mwake, alihisi kama mtu aliyehamia nyumba isiyo na madirisha. Alimgawia nusu ya andazi lake kila siku.

Safari ya darasa haikuahirishwa. Siku bahari ilipolala, boti pana ya kamati iliwachukua wanafunzi kwa zamu mpaka kwenye maji mafupi juu ya mwamba. Mwalimu alikuwa ametengeneza fremu za mraba kwa mabomba ya plastiki na kuziweka chini, moja pembeni mwa nyingine, kila mtoto na mraba wake. Walitazamia kwa ndoo zilizotobolewa kitako na kuzibwa kwa kioo; ukiisukuma ndoo kidogo majini, chini kote kunaonekana kama kuko mezani.

"Chora unachokiona, usichore unachokipenda," mwalimu aliwasisitizia. "Ukiona kaa, chora kaa. Ukiona mfuko wa plastiki, chora mfuko. Mraba wako usipousemea wewe, hakuna atakayeusemea."

Safu ya Chiriku na Brashi iliangukia palepale Meza ilipokuwa. Chiriku alitazama wa kwanza, akachora bila kuinua kichwa. Kisha Brashi akaiinamia ndoo yake.

Aliona matawi yaliyovunjika, mengine bado yana rangi ya kahawia, mengine tayari meupe. Aliona Meza yenyewe imepinduka juu chini, kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Samaki wadogo wa rangi ya buluu walizunguka juu yake, wakishuka na kupanda, mfano wa watu waliorudi kutoka kazini wakakuta nyumba haipo. Na katikati ya vifusi, kwenye kivuli cha Meza ambako jicho la haraka lisingefika, ilikaa nanga.

Ilikuwa nanga ya nondo za kujengea, yenye makucha manne, moja limepinda. Mti wake ulikuwa na mistari ya rangi ya machungwa. Mistari ile aliichora Brashi mwenyewe, kwa rangi iliyobaki walipopaka geti la shule, ili baba yake aione vizuri majini. Baba alikuwa ameiambia familia kwamba nanga hiyo ilikatika kamba na kuzama kwenye maji makuu, mbali huko nje.

Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuchora. Ulichora ukucha wa kwanza, wa pili, mti, mistari. Kisha akakiangalia alichokichora. Akachukua raba akafuta. Alifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikaota manyoya. Mahali pa nanga akachora tumbawe refu lenye matawi kama pembe za swala, na mbele yake pono mnene mwenye magamba ya kijani.

"Umeona nini?" Chiriku alimuuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Matumbawe tu," alisema Brashi.

Kazi ya ukutani ilichukua vipindi vingi. Mwalimu aliugawa ukuta kwa chaki, na kila mtoto akaukuza mraba wake kwa rangi. Mraba wa Brashi uling'aa kuliko yote. Mwalimu mkuu alipopita na wageni alisimama mbele yake, akamgusa yule pono kwa kidole na kusema, "Huyu anakaribia kuogelea." Brashi alisema asante akiwa ameinamisha kichwa. Wengine waliona ni adabu.

Siku ya kuunganisha miraba ndipo tatizo lilipojitokeza. Mwalimu alikuwa akipita na brashi nyembamba, kuhakikisha kwamba tumbawe lililoanzia mraba mmoja linaendelea kwenye mraba wa pili. Alipofika kwa Chiriku alisimama. Katikati ya matawi yaliyovunjika, Chiriku alikuwa amechora kamba. Ilianzia kwenye kifusi, ikajikunja mara moja, ikanyooka hadi kwenye mpaka wa mraba wa Brashi. Hapo ikakoma, kama imekatwa kwa kisu. Upande wa pili alikuwepo pono, ananenepa zake.

"Kamba hii inaelekea wapi?" aliuliza mwalimu.

"Ameibuni," alisema mvulana mmoja. "Anataka kumsafisha mama yake."

"Niliiona," alisema Chiriku.

Mwalimu akageuka. "Brashi, kwenye mraba wako kamba hii iliishia wapi?"

Darasa zima likamtazama.

"Sikuiona, mwalimu."

Mwalimu akaichovya brashi yake kwenye maji. "Basi tutaiacha kama ilivyo," alisema. "Kila mmoja atajibu kwa mraba wake."

Mapumziko yalipokwisha, Brashi alitangulia kurudi darasani akakuta mtu ameandika kwa chaki juu ya dawati, upande wa Chiriku: MVUNJA MEZA. Aliyafuta maneno kwa mkono wa sare yake. Alikuwa hajamaliza Chiriku alipoingia, akasimama, akasoma herufi zilizobaki, akaona chaki kwenye mkono wa rafiki yake.

"Asante," alisema Chiriku kwa sauti ndogo.

Brashi hakuwahi kupewa asante iliyomchoma namna ile. Angepigwa kofi ingekuwa afadhali.

Alasiri hiyo hakupita nyumbani. Alimkuta baba yake boti ameipandisha mchangani na kuilaza ubavu, anakwangua chaza walioshika chini yake. Nanga mpya, isiyo na mistari, ilikuwa imelala pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona na sare?"

"Baba, ile nanga yetu ya mistari ilipotelea wapi?"

Kisu cha kukwangulia kikasimama. "Si nilishawaambia? Maji makuu."

"Nimeiona."

Baba hakugeuka. Maji yalikuja, yakalamba mchanga, yakarudi.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna mtu. Niliichora, kisha nikaifuta. Nikachora pono."

Baba yake alikaa chini, palepale kwenye mchanga mbichi. Alikwangua kucha yake kwa ncha ya kisu. Kisha akasimulia. Siku ile upepo ulikuwa umeinuka na maboya yote yalikuwa na boti. Abiria wake walitaka kukaa kidogo tu. Akajiambia, nikitupa nanga kwa muda mfupi, itadhuru nini? Nanga haikushika. Upepo uliisukuma boti, na nanga ikakokota chini.

"Nilisikia kupitia kwenye kamba," alisema. "Ilitetemeka mkononi mwangu, kama jino linapong'olewa. Nilipochungulia nikaona nilichofanya, nikaikata kamba ili watu wasinione nikiivuta."

"Mbona hukusema?"

"Nilipanga kwenda kwa mwenyekiti kesho yake. Kesho ikazaa kesho. Halafu wakamtaja Mama Pweza, nikaona sasa neno limekuwa zito maradufu, siwezi kulinyanyua."

"Chiriku haongei tena, baba," alisema Brashi. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Leo ameniambia asante. Ameniambia asante mimi."

Baba alimwangalia mtoto wake, akaiona ile chaki kwenye mkono wa sare.

"Kesho nitaichora," alisema Brashi. "Mwalimu alisema tuchore tulichokiona."

"Unajua watanizuia kubeba abiria?"

"Najua."

"Na mzigo wote utamwangukia mama yako na cherehani yake?"

"Najua, baba."

Baba akainuka, akakung'uta mchanga. "Kukukataza siwezi," alisema. "Nikikukataza leo, nitakuwa nimevunja kitu kingine." Akarudi kukwangua boti. Alikwangua mahali palepale, ambapo palikuwa peupe zamani.

Asubuhi iliyofuata mwalimu wa sanaa alimkuta Brashi ameketi kwenye ngazi ya darasa lililofungwa.

"Niliiona kamba, mwalimu. Na nanga. Nilikudanganya."

Mwalimu alitafuta ufunguo kwenye mkoba wake, bila haraka. "Nanga ya nani?"

"Mwenyewe anajua," alisema Brashi. "Naomba nisimseme mimi. Lakini niliyoyaona nitayachora yote."

Mwalimu alifungua mlango. Hakumkaripia, wala hakumsifu. Alimkorogea rangi ya kijivu kwenye kopo, akampa na kitambaa. Brashi alimfunika pono kwa rangi nyeupe, akalifunika tumbawe la pembe za swala, akasubiri ikauke. Kisha akachora matawi yaliyokatika, na Meza iliyopinduka, na samaki wadogo wasio na pa kwenda. Akaishika kamba pale Chiriku alipoiachia, akaivuta mpaka kwenye pete ya nanga. Mistari ya rangi ya machungwa aliichora mwisho. Mstari mmoja ukatoka umepinda. Hakuurekebisha.

Wanafunzi waliingia mmoja mmoja na kusimama. Chiriku alikuja mpaka ukutani, akaifuata kamba kwa macho tangu mraba wake hadi wa jirani.

"Uliiona siku ileile?" aliuliza.

"Siku ileile."

"Siku zote hizi uliijua?"

"Niliijua."

Chiriku akauchukua mkoba wake kwenye dawati lao, akaupeleka kwenye dawati lingine, akaketi huko.

Ijumaa wazazi walialikwa kuutazama ukuta. Walikuja wengi, na kamati ya ufukwe ikaja pia. Watoto walisimama kila mmoja mbele ya mraba wake, wakaeleza: huyu ni kaa, hapa samaki hutagia mayai, hili ni tumbawe la mviringo linalokua kwa mwaka upana wa kucha. Wazee walisogea karibu, wakainama, wakashangaa kwamba mahali wanapopaona kila siku kwa juu palikuwa na mji mzima chini yake. Mama Pweza alisimama peke yake karibu na dirisha, mikono ameikunja kifuani. Mama yake Brashi aliketi nyuma kabisa. Baba hakuonekana.

Zamu ya Brashi ilipofika, mwenyekiti wa kamati alivaa miwani yake, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa ukuta.

"Binti, hii uliiona au umeitunga?"

"Niliiona. Mwanzo niliificha. Niliposema sikuona kamba, nilisema uongo." Akamgeukia Chiriku mbele ya watu wote. "Chiriku hakubuni."

Minong'ono ikapita chumbani. Mwenyekiti akavua miwani. "Nanga hii ni ya nani?"

Brashi alifumba mdomo. Kisha mlangoni sauti ikasema, "Ni yangu."

Baba yake alikuwa amesimama pale, shati lake la Ijumaa limefungwa vifungo mpaka juu. Alipita katikati ya watu hadi mbele, akasimulia kama alivyomsimulia mwanawe, bila kujipunguzia. Alipomaliza hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama mwanamke aliyesimama dirishani.

"Mama, nilikuacha ubebe mzigo wangu. Nilikuwa nakuona unapita na kapu tupu, nikainamisha uso. Nisamehe."

"Nimesikia," alisema Mama Pweza. Akajitanda khanga yake, akatoka.

Kamati haikuhitaji kikao kirefu. Baba yake Brashi alizuiwa kubeba abiria kwa msimu mzima, na akatakiwa kushirikiana na wazamiaji kuitoa nanga na kuweka maboya mapya. Amri ya kumkataza Mama Pweza ilifutwa palepale. Mwenyekiti mwenyewe alikiri, uso chini, kwamba kamati ilihukumu kwa uvumi, na kwamba angekwenda kumwambia hivyo mlangoni kwake.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Baba alisukuma mkokoteni wa maji asubuhi na jioni akaenda kuzamia bila malipo. Cherehani ya mama haikupumzika. Brashi alijifunza kushona vifungo na kukunja pindo. Lakini chakula baba alikimaliza, na siku moja mama alimsikia akiimba alipokuwa anafunga viatu, wimbo bila maneno. Vipande vya matumbawe vilivyokuwa bado hai wazamiaji walivifunga kwenye vyuma vilivyosimikwa chini. Mwalimu aliwaambia wanafunzi ukweli: vingine vitashika, vingine vitakufa, na Meza nyingine kama ile wao wataiona wakiwa watu wazima, kama ikijaliwa.

Jumamosi moja Brashi alikwenda nyumbani kwa Chiriku peke yake. Mama Pweza alikuwa uani, anampiga pweza juu ya jiwe ili alainike. Alimnyanyua, akamshusha, paa, akamnyanyua tena. Hakuacha kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuomba samahani, au umekuja nikuambie hukukosa?"

"Samahani."

"Basi hiyo nimeipokea. Ile nyingine sina."

Chiriku alitoka ndani na beseni la maji, akaliweka chini, akakaa kwenye kigoda.

"Yule pono wako," Chiriku alisema, macho kwenye beseni. "Ulimwona, au ulimbuni?"

"Nilimbuni."

"Nilijua. Pono gani ana mashavu vile? Nilidhani umemchora mwalimu mkuu."

Mama Pweza aligeuza uso pembeni kidogo. Brashi hakuthubutu kucheka. Alijua kwamba bado hajasamehewa. Mkoba wa Chiriku ulikuwa ungali kwenye dawati lile lingine, na asingemwomba aurudishe.

Mama Pweza alimtumbukiza pweza kwenye beseni, akamsukasuka, akanyoosha mgongo.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ulimficha baba yako kwa sababu unampenda. Hilo nalijua, hata huyu wangu angenificha mimi. Lakini kosa ukilificha haliyeyuki kama chumvi. Linatafuta bega la mtu mwingine likakae. Safari hii lilikaa kwangu, likakaa na kwa mtoto ambaye hajui lolote. Siku nyingine ukiona jambo, liseme lingali dogo, hata kama sauti inakutetemeka. Baba yako amepoteza abiria wa msimu mmoja, nao watarudi. Angeendelea kunyamaza, angekufundisha na wewe kunyamaza, na hilo halina msimu."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Kunja mikono ya gauni lako, mshike mkia huyu tumalize."

"Mama," alisema Chiriku, "pweza hana mkia."

"Basi mfundishe pa kushika," alisema mama yake, akamsogezea Brashi jiwe.